Mwandiko Usio Wangu

Kadi yangu ya ukaazi wa kudumu wa Kanada ilikuja kwa posta, siku ya Jumanne, kwenye bahasha ya kawaida iliyobanwa kati ya tangazo la pizza na bili ya umeme. Niliifungua nikiwa nimesimama kwenye korido ya jengo ninaloishi, glavu moja mkononi, nyingine nimeiuma kwa meno. Niliitazama picha yangu, nikasoma jina langu, nikaigeuza nyuma, nikairudisha ndani ya bahasha. Nilikuwa nimeingoja kwa karibu miaka mitatu. Siku zote nilidhani ikifika nitapiga vigelegele hata kama niko peke yangu. Nilichofanya ni kupanda ngazi hadi chumbani na kuitia bahasha kwenye droo ya vijiko, na kwa siku mbili sikumwambia mtu, hata mama.

Nataka kueleza kwa nini. Sitataja jina la mtu wala la kampuni wala la shule. Najua kutotaja majina kunanisitiri mimi kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini yule niliyemkosea bado anaishi mahali ambapo jina likiandikwa vibaya kwenye karatasi moja linaweza kumletea maswali ya mwaka mzima, kwa hiyo iwe hivyo.

Nilikuwa na duka la steshenari Kasulu mjini, katikati ya fundi simu na mzee mmoja wa Kiislamu kutoka Ujiji aliyeuza vitenge. Kazi yangu ilikuwa kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti, kulaminisha vyeti, na kuwajazia wanafunzi fomu za mkopo kwenye mtandao kila msimu wake ulipofika. Nilikuwa na stashahada ya biashara niliyoisomea Mwanza, na nilikuwa na kinyongo cha mtu aliyerudi nyumbani kwa kukosa pengine pa kwenda. Wenzangu wa chuo walikuwa Dar es Salaam, wanapiga picha kwenye ofisi zenye vioo. Mimi nilikuwa nafuta vumbi jekundu kwenye printa mara tatu kwa siku.

Yeye aliingia dukani asubuhi moja akiwa na flashi na kaunta buku, daftari nene la jalada gumu. Alikuwa Mkongo, mwalimu wa hisabati wa shule moja ndani ya kambi ya Nyarugusu, na kila baada ya wiki mbili alipata kibali cha kuja mjini na gari la shule kuchapisha mitihani. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliletwa kambini akiwa na miaka minne, mgongoni kwa mama yake. Wakati mitihani inatoka kwenye mashine, alifungua ile kaunta buku akawa anaandika. Nilichungulia. Hayakuwa maneno ya lugha ninayoijua. Yalikuwa mabano, namba, mistari iliyoingia ndani kama ngazi, yote kwa kalamu ya bluu na mwandiko mdogo uliosimama wima, bila kufutwafutwa.

"Hii ni lugha gani?" nilimuuliza.

"Ni programu, yaya." Wakongo wengi wa kwao humwita dada mkubwa yaya, na aliniita hivyo tangu siku ile. "Kule kompyuta ni ya watu wengi. Mi napata saa moja kwa wiki. Basi naandika yote hapa, naisoma mara mbili, mara tatu, nikifika kwenye mashine nachapa tu."

Nilicheka nikidhani ananitania. Akanionyesha ukurasa mmoja, akanifafanulia mstari kwa mstari kwa uvumilivu wa mwalimu. Ilikuwa programu ya kujumlisha alama za darasa lake la wanafunzi mia na kitu. Aliiandika yote kwa kalamu, na siku alipoichapa ilifanya kazi.

Wazo la bei lilikuwa langu, nalo nalisema bila aibu kwa sababu ni kweli. Mama yangu alizaliwa Kibondo, akaolewa Kasulu, na ameuza maharage sokoni tangu mimi sijaanza shule. Kila siku nilisikia malalamiko yale yale: mkulima wa Rungwe Mpya anauza gunia kwa bei aliyotajiwa na mlanguzi, kesho yake anasikia Manyovu wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wanagombania maharage hayo hayo kwa bei ya juu zaidi. Wengi wana simu ya kitochi tu. Wengine hawasomi, na ukiwaandikia ujumbe wa Kiswahili sanifu watauweka hadi mtoto atoke shule. Nikamwambia yule mwalimu: itakuwaje mtu akibipu namba fulani, halafu namba ile impigie yenyewe na kumsomea bei za wiki kwa Kiha?

Aligeuza kaunta buku upande wa nyuma, akaanza kuandika.

Ilimchukua miezi mitano, kwa ile saa moja ya wiki na masaa mawili matatu aliyopata dukani kwangu kila alipokuja na mitihani. Mama ndiye aliyetoa sauti. Tulimrekodi stoo, kati ya maboksi ya karatasi, mlango umefungwa ili mashine ya fundi simu isisikike. Alianza na "Mwakeye", kama anavyomsalimia mteja wa asubuhi, akataja maharage ya njano, maharage mekundu, mahindi, muhogo mkavu, kisha soko moja moja: Kasulu, Kibondo, Manyovu. Yule mwalimu aliikatakata sauti ya mama vipande vipande, kila namba kipande chake, ili programu iweze kuviunga upya kila wiki bila kumsumbua. Siku ya kwanza tulipobipu na simu ikaita, mama alisikiliza sauti yake mwenyewe ikimwambia bei ya maharage, akaiondoa simu sikioni akaitazama.

"Huyu mama anasema kweli," alisema, tukacheka wote watatu.

Ndani ya mwaka namba ile ilijulikana. Nilibandika karatasi zake hadi soko la Kibondo. Wanawake walimsimamisha mama njiani wakamwiga anavyosema "muhogo mkavu". Mimi nilianza kuitwa kwenye semina. Mara ya kwanza Kigoma mjini, mara ya pili Dodoma, na kila mara nilikwenda peke yangu, kwa sababu kibali chake yeye kiliishia Kasulu. Nilikuwa nikisema "mimi na mwenzangu". Hilo nalikumbuka vizuri, kwa sababu nakumbuka pia semina ambayo niliacha kulisema. Muda ulikuwa dakika tatu tu, na kumweleza mwenzangu kulikula dakika nzima.

Dodoma ndipo niliposikia kuhusu njia ya Kanada. Mtu mwenye biashara changa yenye wazo jipya angeweza kuomba kuhamia kule, mradi apate taasisi ya kule inayolea biashara kama hizo ikubali kumwandikia barua ya kumuunga mkono. Hatimaye angepewa ukaazi wa kudumu. Nilirudi Kasulu na neno hilo kichwani. Nilimweleza yule mwalimu nikiwa na furaha ya kweli, na furaha hiyo ilikuwa ya sisi wawili.

"Waulize kama mkimbizi anaweza kuwekwa," aliniambia. "Sisi wawili tumeianzisha. Faili yetu ya kupelekwa nchi ya tatu imelala miaka tisa. Pengine hii ni mlango ingine."

Niliandika imeili kwa mshauri wa taasisi moja ya aina hiyo. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Mshauri alisema inawezekana. Alisema mwanzilishi mwenza anaweza kuwa mkimbizi, ila nyaraka zake zitahitaji kufuatiliwa, kibali cha kutoka nchini kitahitaji muda, na ombi letu lote linaweza kuchelewa, labda kwa mwaka, labda zaidi. Mwishoni aliuliza kama niko tayari kusubiri.

Niliisoma imeili ile mara nyingi sana. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Niliona mwaka ukipita, na mwingine, ile taasisi ikapata mtu mwingine mwenye wazo kama langu, nami nikabaki nafuta vumbi kwenye printa. Nikamjibu mshauri kwamba mwanzilishi ni mmoja.

Yeye alipokuja na mitihani, nilimpa kompyuta yangu achape kama kawaida. Alipomaliza, alisimama mbele ya kaunta na hakuuliza. Alingoja mteja atoke.

"Wamesema haiwezekani," nilimwambia. "Sheria zao. Mkimbizi hawamkubali."

"Bon," alisema, yaani sawa. Aliangalia kompyuta kidogo, kisha akaangalia kaunta buku yake. "Basi mmoja aende. Ukifika kule utatafuta njia."

"Nitatafuta," nikasema.

Wiki zilizofuata alifanya kazi kuliko wakati wowote. Alirekebisha makosa yote ya programu ili nisiaibike mbele ya wageni. Aliniandikia maelezo ya kila sehemu kwa Kiingereza chepesi, nikariri. Alinifundisha maswali ambayo wangeweza kuniuliza, akijifanya mzungu na kuvaa miwani yangu puani, hadi nikacheka nikajisahau. Hata shati la kuvaa siku ya mahojiano alinipigia pasi yeye. Nilipomwomba nipige picha kurasa za kaunta buku niziweke kwenye maonyesho yangu, alizifungua mwenyewe akazishikilia kwa vidole viwili ili zisijikunje.

Mahojiano yalifanyika kwa video, saa kumi jioni, dukani, mlango umefungwa. Upande wa pili kulikuwa na watu watatu wa ile taasisi. Nilizungumza vizuri. Nilipofika kwenye picha ya kaunta buku, mwanamke mmoja mwenye nywele fupi za mvi aliinama mbele ya kamera yake.

"Subiri kidogo. Hii ni programu imeandikwa kwa kalamu?"

"Ndiyo."

"Nani ameandika? Wewe?"

Ningeweza kusema hapana. Hata baada ya imeili yangu ya uongo, hata ikiwa mwanzilishi ni mmoja, ningeweza kusema kwamba nilikuwa na mtaalamu wangu, na kwamba yeye ndiye aliyeandika. Sidhani kama wangenikataa kwa hilo.

"Ndiyo, mimi," nilisema. Kisha, bila kuulizwa, nikaongeza: "Nilikuwa napata kompyuta saa moja tu kwa wiki. Kwa hiyo nilikuwa naandika kwenye daftari, naisoma mara mbili, mara tatu, nikifika kwenye mashine nachapa tu."

Yule mwanamke aliweka mkono kifuani. Wenzake wakatikisa vichwa kwa heshima. Mezani kwangu wakati ule kulikuwa na kompyuta mbili zinazowaka.

Nimejaribu kujisamehe mambo mengi ya safari ile, na mengine nimefanikiwa. Hili hapana. Kusema uongo kuhusu kazi ni jambo moja. Mimi nilichukua na dhiki yake pia, nikaivaa mbele ya watu kwa sababu ilinipendeza.

Barua ya kuungwa mkono ilikuja, kisha kibali cha kufanya kazi, nikasafiri. Mwaka wa kwanza kule niligundua kwamba hakuna aliyehitaji namba ya kubipu. Taasisi ilinishauri nigeuze biashara iwe ya wakulima wadogo wa kule, wanaouza mboga kwa oda, na nikafanya hivyo, nikamwajiri kijana wa kule kuandika programu mpya. Namba ya Kasulu niliiacha ijiendeshe. Kisha mkataba wake na kampuni ya simu ukaisha, nikaahirisha kuuhuisha, nikaahirisha tena. Siku moja mama alinipigia.

"Kuna mwanamke ametoka Rungwe Mpya," alisema. "Amenikuta sokoni, ananiuliza mbona siku hizi sipokei. Anadhani namba ni mimi mwenyewe, nakaa mahali nangoja simu. Anasema, mama, kama tumekukosea tuambie."

"Mwambie tunarekebisha," nilimjibu.

"Mnarekebisha?"

"Tunarekebisha, mama."

Akawa anawaambia watu hivyo, sokoni, mwezi baada ya mwezi, kwa sauti ile ile waliyokuwa wakiiamini.

Ndivyo nilivyoishi hadi kadi ilipokuja. Siku ya tatu nilimwambia mama. Alipiga vigelegele mpaka nikasogeza simu. Akasema lazima nije, nishukuru kanisani, kwa sababu walikuwa wameniombea. Nilikwenda mwezi wa kumi na mbili, milima ikiwa ya kijani kabisa na barabara ya Kasulu imejaa wanafunzi walio likizo.

Jumapili mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda. Mama alikuwa kiti cha pili, amevaa kitenge kipya alichokinunua kwa yule mzee jirani wa duka langu la zamani. Niliwasimulia mlango uliofunguka. Niliwasimulia daftari. Sikupanga kulisimulia, lakini nilikuwa nimelisimulia mara nyingi mno kule, kwenye mikutano na kwenye magazeti madogo ya mtaani, hadi likatoka lenyewe, na kanisa zima likaitikia amina. Mama peke yake alinitazama kidogo, kama mtu aliyesikia jina limetajwa vibaya. Alikuwa stoo wakati tunarekodi. Alikuwa ameiona ile kaunta buku na anayeiandika.

Nyumbani, mama alipokuwa anapakua ugali ndipo alipouliza, "Yule mwalimu wa kambini umemwona?"

"Kesho nakwenda."

Nilipanda Noah ya abiria hadi Makere, kisha bodaboda. Tulikutana kwenye genge la chai karibu na kambi, mahali ambapo Wakongo, Warundi na Waha wanakaa benchi moja na lugha zote zinaingiliana. Alikuwa amekonda kidogo na ameoa. Alisimama, akanipa mikono yote miwili.

"Yaya! Umekuwa mweupe!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Nilikuwa hata nimejiandaa kumwambia kila kitu, nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye ndege. Lakini aliongea yeye. Aliniuliza baridi ya kule ikoje. Aliniuliza kama programu ilikuwa imeleta makosa. Nilipomwambia namba imezimwa, alisema labda ni seva. Kisha akasema ana ombi dogo.

"Kuna shirika moja hapa linatafuta mtu wa mifumo ya kompyuta. Kazi nzuri. Sina diplome ya hiyo kazi, lakini wamesema ukiwa na barua ya mtu uliyefanya naye programu, wataangalia. Unaniandikia tu kwamba ile ya bei ni mimi niliiandika."

"Hilo dogo," nikasema. "Kesho utaipata."

Usiku ule sikuifikiria barua. Asubuhi nilikaa mezani kwa mama na kompyuta yangu, nikaandika sentensi ya kwanza: kwamba ninamfahamu kwa miaka kadhaa, na kwamba yeye ndiye aliyeandika mfumo wetu. Nikasimama hapo. Kwenye fomu zangu za uhamiaji nilikuwa nimetia saini chini ya maneno yanayosema mfumo huo umebuniwa na kuandikwa na mimi. Nikaona barua yangu ikisafiri, ikitoka kwenye shirika hadi kwenye shirika, ikifika mezani kwa mtu mwenye faili langu. Ilikuwa hofu ya kijinga. Hakuna mtu Kanada anayesoma barua za ajira za Nyarugusu. Hata hivyo nilifuta. Nikaandika kwamba alisaidia katika utengenezaji wa mfumo. Nikasifu uaminifu wake na kuwahi kwake kazini. Nikatia saini kwa cheo changu kirefu.

Aliisoma akiwa amesimama pale pale gengeni. Alikuwa msomaji wa haraka, lakini alikaa nayo muda mrefu.

"Alisaidia," alisema.

"Ni lugha ya barua tu. Wanaelewa."

Aliikunja mara mbili, taratibu, akaitia mfukoni. "Bon. Kusaidia nayo ni kazi. Asante, yaya." Akaagiza chai, akalipa yeye, na akakataa katakata mimi nilipe.

Kazi alipata. Si ile aliyoomba. Kwa kuwa barua ilisema alisaidia, walimpa nafasi ya msaidizi. Kazi yake ni kubeba nyaya, kuwasha jenereta na kubadilisha wino kwenye printa za watu wanaojua kidogo kuliko yeye. Aliniambia mwenyewe kwenye ujumbe mfupi, na mwishoni akaweka shukrani. Niliusoma ujumbe ule ofisini kwangu, kwenye kiti kinachozunguka.

Nilimpigia baada ya wiki. Kule kwangu ilikuwa asubuhi, kwake mchana, nasikia kelele za watoto wanatoka shule. Nilimwambia siwezi tena kukaa na jambo hili. Nikamwambia ile imeili ya taasisi haikusema haiwezekani. Ilisema inawezekana, ila kwa kusubiri, nami sikutaka kusubiri.

Nilisikia akisogea mbali na kelele za watoto.

"Mi nilijua, yaya," alisema.

"Ulijua nini?"

"Nilisomaka ile imeili. Ulinipa kompyuta yako nichape, imeili ilikuwa wazi. Ni siku ile ile uliniambia wamekataa. Nilikuwa nimeisoma kabla hujaniambia kitu."

Nilikumbuka jinsi alivyosimama mbele ya kaunta, akingoja mteja atoke. Alikuwa ananipa nafasi.

"Sasa kwa nini ulinisaidia? Kwa nini ulinifundisha maswali yao?"

"Programu ilikuwa nzuri," alisema. "Sikutaka ianguke mbele ya watu. Na nilifikiri, pengine kabla ya kwenda atasema. Kila siku nilifikiri pengine leo." Akaendelea: "Halafu ukaenda. Nikafikiri atasema kule. Halafu ukakuja na barua."

Nilimwomba msamaha. Nilisema maneno mengi, na mengi yalikuwa kuhusu mimi: hofu yangu, umri wangu, duka langu. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema anaitwa kazini, jenereta imezima.

Siku ile niliandika barua nyingine. Niliandika kwamba mfumo wote, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, aliuandika yeye, kwa mkono wake, kwenye daftari, na kwamba mimi sikuandika hata mstari mmoja. Nikaichapisha nikatia saini, nikaituma kwa mama kwa njia ya posta ya haraka ili yule mwalimu apelekewe barua yenyewe na si picha yake. Bahasha ya ndani sikuifunga. Nadhani nilitaka mama asomewe, kwa sababu kumwambia kwa mdomo nilishindwa.

Mama hasomi Kiingereza. Alimpa fundi simu, jirani yetu wa zamani, akamsomea kwa Kiswahili, palepale barazani. Kisha alipanda gari mwenyewe hadi Makere, mwanamke mwenye magoti mabovu, akamkabidhi yule mwalimu mkononi. Alinipigia alipofika nyumbani.

"Nimempa," alisema.

"Amesemaje?"

"Ameniuliza magoti. Ameniletea kiti." Nilisikia anavua viatu. "Barua ameitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi zake. Kazi ile wamekwisha kumpa mtu mwingine, umejua?"

"Najua, mama."

"Ulimwomba msamaha?"

"Nilimwomba."

"Ulikuja ukasimama mbele yake?"

"Kwa simu."

"Basi bado," mama alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba maharage bado hayajakauka.

Tangu siku hiyo hajanitaja tena sokoni; fundi simu ndiye aliyeniambia. Watu wakimuuliza habari za binti wa Kanada anasema mzima, basi, anageukia mizani. Wakimuuliza namba ya bei, anawaambia imekufa. Na mimi kila wiki, nikitoka kazini, nafungua ukurasa wa tiketi, naangalia tarehe za mwezi wa saba, natazama ndege inayotua Kigoma, naingiza jina langu na namba ya pasipoti. Kuna wiki nimefika hadi mahali pa kulipia. Sijui nitamwambia nini nikisimama pale gengeni ambacho hakukisoma zamani kwenye kompyuta yangu, akanisubiri, na akanipigia pasi shati langu la mahojiano.